Nyanya Aliyekataa Maji ya Bomba

Alhamisi, jioni. Voi leo ni jiko. Upepo umegoma tangu asubuhi, na mabati ya nyumba yangu ndiyo kwanza yanaanza kulia yakipoa. Nimekaa barazani, miguu ndani ya beseni la maji, simu mkononi, naandika kwa kidole kimoja. Mjukuu wangu aliyenifungulia blogu hii husema naandika polepole. Mwache aseme, yeye hana haraka ya kusoma pia.

Leo nimetoka kwenye mkutano wa wenye ploti. Kijana wa kampuni ya maji, shati limenyooka, alitusomea kanuni mpya: kila mwenye nyumba aunganishe choo chake na bomba la maji taka, malipo ya maji taka yafuate mita ya maji safi, na mpangaji akikosa kulipa, shauri ni la mwenye nyumba. Kelele zikapanda. Mzee mmoja akauliza kama kuku wake nao watalipia choo. Tulicheka mpaka kijana mwenyewe akacheka.

Mimi sikuuliza kitu. Niliposikia tu lile neno, "wenye ploti", akili yangu ilitoka mkutanoni ikaenda kwa Baba. Mpaka sasa haijarudi.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Mwaka wenyewe siutaji kwa sababu siukumbuki, na nikikosea nitasahihishwa kwenye maoni na watoto wa juzi. Nakumbuka kwamba watu walizungumza sana habari za bomba kubwa la kutoka chemchemi za Mzima kwenda Mombasa, na wengi hawakuamini kwamba maji yanaweza kusafiri mbali hivyo bila kuchoka. Mimi nilikuwa kitinda mimba wa nyumba yetu, meno ya mbele yamenitoka, mdomo hauna breki.

Baba aliitwa Mwakio. Alikuwa Mdawida, mtu wa milima ya huku kwetu, aliyeshuka kufanya kazi ya reli, fundi wa mabehewa pale stesheni. Wenzake wengi walikaa kwenye nyumba za reli, chumba kimoja na watoto wote humo humo. Baba hakutaka. Alisema nyumba ya reli unaiacha siku reli inapokuacha. Akahangaika, akaomba, akasubiri, mpaka akapewa ploti upande wa chini wa mji. Akajenga nyumba ya udongo, akaiezeka mabati, kisha akafanya jambo ambalo hakuna jirani yetu aliyekuwa amelifanya.

Akaweka bomba.

Siku ya kulifungua alivaa koti lake la kanisani. Bomba lilikohoa, likatema kutu, likanyamaza kidogo tukadhani limekufa, kisha maji yakaja. Mama alipiga kigelegele. Sisi watoto tulipigana vikumbo kuyanywa, na yalikuwa ya moto, maana jua lilikuwa limeyapika ndani ya chuma. Sijawahi kunywa maji matamu kama yale.

Lakini bomba lilikuja na sheria zake, na sheria zililetwa na Bwana Afya. Ndivyo tulivyomwita ofisa aliyekagua vyoo, mapipa ya taka na maji ya mji. Alikuwa mtu wa Pwani, mrefu, mwenye baiskeli na sauti ya kuhutubia. Alisimama uwanjani petu akamweleza Baba. Maji ya ploti yatumike kwenye ploti. Maji yasitoke kwenda barabarani wala kwa jirani, yawe safi au machafu. Mwenye ploti achimbe shimo la maji ya kuogea na kufulia, alijaze mawe, alitunze. Atakayeacha maji yatoke atakatiwa bomba, na akizidi kuwa mkaidi, hata ploti inaweza kurudi kwa serikali.

Baba alizikariri sheria zile kama katekisimu, na sisi tukakaririshwa. Kabla ya kula alikuwa akiuliza, "Maji ya ploti?" nasi tunaitikia kwa pamoja, "Yabaki kwenye ploti!" Ndipo tunaruhusiwa kugusa ugali. Mama alikuwa akiinamisha uso asionekane anacheka.

Halafu Nyanya akaja.

Nyanya alikuwa mama yake Baba, na Baba alikuwa mwanawe pekee. Babu alikuwa amefariki, nyumba yao kule Werugha, mlimani, imeanza kulala upande, na macho ya Nyanya yalikuwa yameshikwa na mtoto wa jicho, anaona watu kama vivuli. Baba alimleta akae nasi. Alishuka kwenye lori na jembe lake. Mama alimwambia, "Mama, hapa hakuna shamba." Nyanya akajibu kwamba mtu hasafiri bila mikono yake.

Hapa lazima nieleze kitu kuhusu mlimani, maana walio wengi sasa wanaujua mlima kwa picha tu. Kule maji yalishuka kwa mfereji uliochimbwa na wazee wa zamani, shamba hadi shamba. Kila mtu alikuwa na zamu yake. Zamu yako ikifika unaziba mfereji kwa kipande cha mgomba na udongo, maji yanaingia kwako. Ukishiba unazibua, yanashuka kwa aliye chini yako. Ungeweza kumtukana jirani mkapatanishwa. Ungeweza hata kumwibia ndizi, ukatozwa mbuzi yakaisha. Lakini kumzibia maji aliye chini yako, hilo lilikuwa jambo la kuogopwa. Nyanya alikuwa amelelewa humo, ameolewa humo, amezeekea humo.

Sasa mwonyeshe mtu kama huyo bomba.

Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamka. Alfajiri alijaza madebe yote ya nyumba, akiyasikiliza kwa sikio mpaka yajae. Tukiamka tunakuta kazi imekwisha. Baba alijisifu kwa wenzake kwamba mama yake amelizoea bomba kuliko watoto.

Tusichokijua ni kwamba madebe yakishajaa, Nyanya hakufunga bomba. Kwake yeye zamu yetu ilikuwa imekwisha. Alikuwa amechimba kijifereji chembamba kwa jembe lake, nyuma ya choo, chini ya ua wa minyaa, kikatokea ploti ya chini. Aliyaacha maji yashuke mpaka anapohisi yametosha, ndipo anafunga na kuja kuota moto jikoni.

Ploti ya chini alikaa Mama Atieno, mke wa mtu wa reli kutoka Nyanza. Walikuwa wapangaji, mwenye ploti anakaa Mombasa, na bomba hana. Mama Atieno alikuwa akibeba maji kutoka stesheni, mtoto mgongoni. Ghafla mboga zake zikaanza kunawiri, na kila asubuhi akakuta maji yamejaa kwenye kishimo chake. Yeye aliamini ni wema wa Baba. Alimsalimu kwa heshima mpaka Baba akaanza kushuku kuna shida. Siku moja alituletea samaki mkavu aliyepikwa vizuri. Baba alikula samaki wa shukrani bila kujua anashukuriwa nini, na akaomba mchuzi zaidi.

Nikikumbuka hilo nacheka peke yangu hapa barazani, wapangaji wangu wananitazama.

Kicheko cha siku zile hakikudumu. Maji yalizidi, yakatoka kwa Mama Atieno yakaingia barabarani, yakatuama. Vyura wakahamia. Bwana Afya akaja na baiskeli yake, akachota yale maji kwenye kikombe, akamwonyesha Baba vidudu vya mbu vikicheza.

"Bwana Mwakio, maji haya yametoka kwako," alisema. "Nakuonya mara hii. Nikiyaona tena, bomba nalikata, na habari ya ploti nitaipeleka juu."

Baba aliapa hajui yanatokea wapi. Aliita mwenzake wa reli, wakafukua bomba lote kutoka barabarani mpaka uwanjani wakitafuta penye kuvuja. Sisi watoto tulihojiwa mmoja mmoja, na mimi nililia ingawa sikuwa nimefanya kitu. Uwanja ulichimbika kote, na bomba lilikuwa zima kabisa.

Ndipo Baba akaamka mapema siku moja, akamkuta mama yake ameinama na jembe, anasafisha kijifereji chake.

Baba alipiga kelele.

Nataka niandike hili polepole. Kwetu mtu hamfokei mama yake. Sikuwahi kumsikia Baba akifanya hivyo kabla, na sauti yake ilinitoa kitandani. Alisema, "Mama, unataka kutufukuzisha? Unataka tulale wapi?" Nyanya hakujibu kwa ukali. Alijitegemeza kwenye jembe, akauliza kwa Kidawida, pole pole, kama mtu anayeuliza njia: "Mwanangu, tumeshajaza. Wa chini naye?"

Baba akamweleza sheria. Ploti. Mita. Bwana Afya. Nyanya alisikiliza yote. Baadaye Baba alitengeneza sanduku la mbao kulizunguka bomba, akatia kufuli, na ufunguo akauning'iniza kwenye mkanda wake. Nyanya aliisikia kufuli ikibana.

"Umemzibia wa chini," alisema. Basi.

Tangu siku ile alikataa maji ya bomba.

Hakugomba wala hakununa. Mama akimletea maji alisema asante, anaweka chini. Chai hakuigusa. Uji hakuugusa kama umepikwa kwa maji yale. Aliniomba mimi nimshike mkono twende mto Voi. Mto ulikuwa mkavu, mchanga mtupu, na ilibidi tufukue kwa mikono mpaka maji yachuruzike, mekundu na machache. Pembeni kulikuwa na nyayo za ndovu, mbichi, pana kama ungo. Mimi naziona, yeye hazioni. Nilikuwa naogopa, lakini sikusema kwa sababu yeye alikuwa anaimba.

Mama aliposikia tulikokwenda alishika kichwa. Alimwambia Baba, "Mama yako atakufa mtoni kwa sababu ya kufuli yako." Baba akasema, "Na nikifungua, tutakatiwa, tutafukuzwa. Niambie wewe nifanye nini." Baba hakula siku hiyo.

Alikwenda kwa Bwana Afya kuomba ruhusa jirani apate maji kidogo. Akakataliwa. Bwana Afya hakuwa mtu mbaya, lakini alisema akimruhusu mmoja, mtaa mzima utachimba mifereji, na mbu wa Voi hawahitaji msaada. Baba akarudi mabega yamemshuka.

Nyanya naye akafunga vitu vyake kwenye kitambaa, tayari kwa safari. Alisema Jumapili baada ya ibada apelekwe kwenye lori la Werugha. Sote tulijua kule hakuna mtu. Nyumba imelala, macho hayaoni, na mtoto pekee aliyemzaa yuko huku na ufunguo kiunoni. Nilijificha nyuma ya choo nikalia kabisa, maana nilikuwa nampenda kuliko mtu yeyote, kuliko hata Mama, na hilo sijawahi kulisema mahali popote mpaka leo.

Jumamosi, Mama alikaa naye jikoni wakichambua maharagwe. Nyanya alichambua kwa vidole tu, na hakuna jiwe lililompita. Baba alikuwa mlangoni anashona kiatu, au anajifanya kushona.

Mama akauliza, kama mtu anayepiga soga tu, "Mama, kule mlimani mfereji ukibomolewa na mvua, maji yakawa hayashuki kabisa, wa chini hufa njaa?"

"Afe kwa nini?" Nyanya alishangaa swali la kijinga namna ile. "Hupanda juu. Aliye juu humkatia tuta shambani kwake, akalima hapo mpaka mfereji utengenezwe. Ninyi wa siku hizi hamfundishani?"

 Mama aliendelea kuchambua maharagwe. Alimtazama Baba tu, na jicho la Mama nyinyi hamkulijua.

Baba akaweka kiatu chini. Akatoka, akachukua jembe la Nyanya, sio lake. Alilima tuta refu kandokando ya lile shimo la maji ya kuogea, mahali ambapo ardhi ilikuwa na unyevu siku zote na hakuna aliyewahi kupatumia. Jasho lilimtoka mpaka shati likamgandama. Kisha akafungua kufuli, akang'oa na sanduku lenyewe, akaenda kwenye ua wa minyaa akaita.

"Mama Atieno! Panda huku juu. Lete miche yako, lete nguo za kufua, lete na watoto waoge hapa. Maji hayawezi kushuka kwako, lakini wewe kupanda unaweza."

Mama Atieno alikuja akikimbia, beseni kichwani, akidhani kuna msiba. Alipoelewa alisimama pale tutani akajishika kiuno. "Mwakio, wewe umenipa shamba ndani ya boma yako? Hii kitu mume wangu akisikia, atasema nimemdanganya." Akacheka, akafuta macho na ncha ya leso, akaanza kupanda mboga zake palepale.

Kabla hatujamaliza furaha hiyo, baiskeli ikasimama nje. Bwana Afya alizunguka ua wote akitazama chini. Kijifereji kilikuwa kimefukiwa. Barabara ilikuwa kavu. Akaingia uwanjani, akakuta Mama Atieno amepiga magoti kwenye tuta, watoto wake wanaogeshwa pamoja na mimi, povu mpaka masikioni.

"Na huyu je?" akauliza. "Si wa ploti ya chini huyu?"

Baba akajibu, "Ni wa chini, Bwana. Amepanda juu."

Bwana Afya akasogea. Akatazama shimo, akatazama tuta, akamtazama Nyanya aliyekaa kwenye kigoda na kitambaa chake cha safari mapajani. Halafu akacheka kwa pua.

"Kanuni yakataza maji kutoka," alisema kwa ile lafudhi yake ya Pwani. "Ya watu kuingia, hiyo mimi sikuiona." Akapanda baiskeli yake, akaenda zake.

Jua lilikuwa linazama nyuma ya ile milima ya kwetu. Mama alichota maji bombani kwa kikombe cha bati, akampelekea Nyanya bila kumwambia anywe. Aliweka tu mkononi mwake. Wote tuliacha tulichokuwa tukifanya. Hata mtoto wa Mama Atieno alinyamaza, sijui nani alimwambia.

Nyanya hakukipeleka kinywani. Aligeuza uso kuelekea tutani.

"Wa chini amepata?"

"Nimepata, Dani," Mama Atieno akamjibu, kwa jina wanalomwitia nyanya kwao. "Hata nguo nimefua. Hata watoto wamekuwa safi, mimi mwenyewe siwajui."

Ndipo Nyanya akanywa. Alikunywa kama mtu aliyetoka safari ndefu, koo linapanda na kushuka, na sisi tunatazama. Baba alikuwa amesimama mbali, mikono ina udongo. Tangu ile asubuhi aliyomfokea hakuwa amemwomba radhi. Wanaume wa wakati ule hawakujua jambo hilo hufanywaje.

Maji yalipofika nusu, Nyanya aliacha kunywa. Akanyoosha kikombe mbele yake, kwenye vivuli anavyoviona.

"Mwakio. Shika. Wewe ndiye wa chini yangu."

Baba alikuja, akachuchumaa, akakipokea kwa mikono miwili. Alikunywa huku mabega yanatikisika. Naye hakumaliza. Alimpa Mama, Mama akawapa kaka zangu, kikombe kikatembea mpaka kikanifikia mimi, na ndani yake kulikuwa na funda moja la maji yenye ladha ya bati na udongo wa vidole vya Baba.

Kitambaa cha safari kilifunguliwa jioni ile ile. Nyanya alikaa nasi miaka mingi, na yuko hapa Voi mpaka leo, makaburini, karibu na mwanawe.

Mimi lile funda nililimaliza lote. Nilitazama nyuma yangu, hapakuwa na mtu.

Sasa wa chini yangu wapo wengi, hawa wapangaji wa ploti yangu. Nao wananitazama.